Vibao Vilivyosuguliwa

Mtaani walimwita Plasta, na huyo fundi hakuwahi kuacha ukuta wenye doa. Hata akienda kumjulia mgonjwa hali, macho yake yalikuwa kwenye pembe za chumba.

Ndiyo maana binti yake, mtafiti wa idara ya maji, alipotaka vibao vya zege vya kuning'iniza mtoni, hakutafuta fundi mwingine. Kome wageni walikuwa wameingia mtoni, viumbe wa maganda magumu, wadogo kama ukucha, wakijibandika kwa maelfu na kuziba mabomba. Binti alitaka kujua wanapenda kushika wapi: kwenye zege, chuma, plastiki au shaba. Vibao vikae majini miezi sita, kisha apime uzito wa kome walionasa. Baba akapewa kazi ya kuvilinda.

Jioni ya kuamkia siku ya kupima, Plasta alivuta kamba achungulie. Kibao cha shaba kilitoka kitupu. Vya kwake vilikuwa vimevaa kome mpaka zege halionekani. Aibu ikamshika, kana kwamba amefumaniwa na kazi ya ovyo. Kesho wakubwa wangekuja, wangeuliza hili zege la nani? Basi mzee wa watu akachukua brashi ya waya, akasugua mpaka viganja vikawaka moto.

Asubuhi mizani ikasema zege halina kome. Binti akaandika hivyo. Banio jipya la kuingizia maji ya mji likajengwa kwa zege tupu, bila ile rangi yenye shaba ya kufukuza kome ambayo binti aliifikiria mwanzoni.

Mwaka wa pili banio likaziba kwa kome. Mabomba ya mji yakakauka, wauguzi hospitalini wakabeba maji kwa madumu. Meneja wa idara akamwita binti ajieleze, na Plasta akajipenyeza nyuma yake, kofia mkononi.

"Nilipima mwenyewe," binti alisema. "Kosa ni langu. Nitaacha kazi."

"Si lake," Plasta akasema. "Nilivisugua, bosi. Niliona haya kazi yangu ionekane chafu mbele za watu."

Meneja alivua miwani. "Mzee, vile vibao vilitakiwa vichafuke. Ndiyo kazi tuliyovipa."

Plasta alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamgeukia binti, akingoja alaumiwe. Binti alikuwa anatazama sakafu.

"Nilijua, baba. Asubuhi ile niliiona brashi kwenye ndoo yako, imejaa maganda. Nikaona haya kukuuliza mbele ya wakubwa. Baadaye nikaona haya zaidi kwa kuwa sikuuliza."

Plasta alikuja kumwondolea mwanawe lawama. Kumbe miaka miwili yote mwanawe ndiye aliyekuwa akimsitiri yeye, na sasa yeye ndiye aliyemfanya akiri kosa lake mbele ya bosi. Akavaa kofia, akaivuta mpaka machoni.