Gari Lisilovuja

Mwaka ule soko la pamba lilipofunguliwa, kila mwenye mzani akaruhusiwa kununua, Maige aliuza ng'ombe wote aliorithi kwa baba yake. Hakubakiza hata ndama. Akarudi kutoka Mwanza na pikapu kuukuu. Hesabu yake ilikuwa fupi: matajiri wapya hawana magari ya kufika vijijini, basi mwenye gari atakula nao. Na kweli, msimu wa kwanza alikula nao. Msimu ulipokaribia kwisha, pikapu ikaanza kuvuja oili.

Ilivuja kama pua ya mtoto mwenye mafua, na msimu wa pili ilikuwa bado inavuja. Sasa tajiri aliyekuwa akimpa kazi akatangaza kwamba Jumatatu karani wake atakagua magari pale Bariadi, na litakalodondosha hata tone halibebi pamba yake, maana mwaka uliopita gari moja liliingia ghalani likachafua mzigo uliomwagwa sakafuni. Pikapu ikikataliwa, Maige hana gari la kazi wala ng'ombe wa kurudia. Ijumaa asubuhi yeye na mkewe Nyanjige wakaipeleka kwa fundi Constantine, aliyefanya kazi miaka ishirini kwenye karakana ya ushirika mpaka alipopunguzwa.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, ngosha. Mgonjwa ana nini?"

"Anatokwa damu."

"Ng'ombe akivuja unakinga kibuyu," Nyanjige akadakia. "Huyu hata pa kumkamua hatupajui."

Fundi alicheka. Akaiosha injini kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana, akaikausha kwa matambara, kisha akamwomba Nyanjige unga wa muhogo.

"Unga wa nini tena?"

"Oili ikipita kwenye unga inaacha nyayo, mayu. Tutaifuata mpaka nyumbani kwake."

Wakaipaka injini unga juu, ubavuni na chini. Bibi mmoja aliyejitwika kuni akasimama kuwashangaa. "Mnamtambikia babu wa nani?"

"Wa Mjapani," fundi akamjibu.

Injini ikawashwa, ikaachwa ingurume. Maige alikodolea macho kifuniko cha juu, akiomba oili itokee pale, kwa sababu pale fundi angekata gasketi kutoka boksi la karatasi na kazi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Unga wa juu ulibaki mweupe. Wa ubavuni mweupe. Kule nyuma, injini inapoungana na giaboksi, uligeuka tope jeusi.

"Sili ya nyuma ya krenki," fundi akasema. "Kidude chenyewe ni kipete tu, ila kukifikia mpaka tushushe giaboksi."

"Na Jumatatu?"

"Tukilala hapa hapa, Jumatatu utakuwa umeondoka."

Wakaanza kwa kumwaga oili. Oili ikagoma kushuka, na iliposhuka ilikuja kwa mabonge, kama uji uliolala. Fundi akachovya kidole, akanusa. Akanusa tena.

"Maige, mbona gari lako linanukia maandazi?"

Maige akaangalia tairi. Nyanjige akamwangalia Maige.

Ikabidi aseme. Mwaka jana alikuwa akitoka Bukundi na mzigo, oili ikamwishia njiani. Duka hakuna. Mkulima mmoja alikuwa na debe la mafuta ya mbegu za pamba, anayolainishia ekseli ya mkokoteni wake wa ng'ombe, na mkokoteni ule ulikuwa unakwenda mwaka mzima bila kulalamika. Akayatia. Gari likaenda! Tena ule uvujaji ukapungua wiki mbili nzima, akaona amepata dawa. Tangu hapo, kila oili ilipopungua aliongeza yale yale.

"Umeikaanga," fundi akasema polepole. "Mafuta yale yakiungua sana yanakuwa ulimbo. Ulimbo ukaziba ufa, na wewe ukafurahi."

Akafungua sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chujio la oili lilikuwa limefunikwa na gundi ya kahawia, ngumu ya kuchokonoa kwa msumari. Beringi zimelika. Kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kulikuwa na mifereji ambayo ukucha ulizama.

"Hii ni ya kupeleka Mwanza ikachongwe, na beringi mpya. Sijui una ng'ombe wangapi."

"Sina hata mbuzi."

"Na sili?" Maige akauliza.

"Sili naiweza. Lakini ngosha, umenisikia? Hii injini ..."

"Karani anatazama chini ya gari. Hatazami ndani. Weka sili."

Fundi akakwangua alichoweza kukwangua, akaweka sili. Nyanjige alipika, akaleta maji, na Jumapili jioni akamuuliza fundi.

"Angesema mapema, ungeiokoa?"

Fundi alifuta mikono muda mrefu. "Mwaka jana, ndiyo."

Jumatatu karani alitandika gazeti, akalala chali chini ya pikapu na tochi yake. Akatoka akijipangusa. "Mzee, hili lako kavu kuliko hata la bosi." Akaliandika jina la Maige.

Kijijini Ngulyati walipakia pamba ya mjane mmoja, Domitila, naye akakaa juu ya magunia yake. Maige alipowasha alisikia mlio ndani ya injini, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Akaenda taratibu. Hakupiga honi, hakukanyaga mafuta, alijizuia hata kukohoa. Kwenye mwinuko wa kwanza mlio ule ukawa wa nyundo, kisha kikatoka kilio cha chuma, na kimya. Injini ilikuwa imenoki. Alizungusha ufunguo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mchana lilikuja gari lingine kuhamisha mzigo. Domitila akainama, akachungulia chini ya pikapu.

"Mbona halivuji kitu?"

"Halivuji, mayu," Maige akasema, akaweka gunia la kwanza begani na kulipeleka kwenye gari la mwenzake.