Taa ya Kijani Kwenye Treni ya Asubuhi

Jumanne, tarehe 21 Januari 2014. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka Osaka, ile inayoyeyuka kabla haijatulia chini, na upepo wa bandarini ulipenya mpaka ndani ya soksi. Niliweka wali wa moto mbele ya picha ya marehemu mume wangu, nikagonga kengele ndogo, nikaunganisha viganja. Kwa siku kumi na mbili nilikuwa nikiomba jambo moja tu: mwanangu awe hai.

Jina lake Tomoharu. Miaka mitatu iliyopita alitoka nyumbani na suti yake, hakurudi. Kwetu mtu kama huyo tunasema amegeuka mvuke. Polisi wanaandika, wanainamisha kichwa, basi. Mtu mzima akijificha kwa hiari yake, halazimishwi kurudi.

Alikuwa mtengenezaji wa gemu za vidude vya mkononi katika kampuni ndogo. Watu walipohamia kwenye simu, kampuni ikafungwa. Hakutuambia. Miezi mitano alivaa suti, akabeba chakula nilichomfungia, akaenda kukaa bustanini mpaka jioni. Nilipojua sikumgombeza. Nilimuuliza neno moja tu, mbele ya dada yake: "Kwa nini?" Asubuhi yake kitanda kilikuwa kitupu.

Kidude changu cha gemu alinipa yeye, nilipoanza masomo ya jioni nikiwa na miaka sitini na tatu. Utotoni sikupata shule. Ndani yake mna gemu ya kujifunza herufi, na ndiyo iliyonifikisha mahali pa kusoma barua ya hospitali bila kumwomba mtu. Lakini kina tabia nyingine ambayo simu haina. Ukikibeba mkobani bila kukizima, na mtu mwenye kidude kama hicho akapita karibu, vinasalimiana vyenyewe. Taa ya kijani inawaka. Ukifungua, unamkuta mtu huyo kama kikatuni, na jina lake, na maneno machache ya salamu aliyoyaandika. Nawe umeingia kwake vivyo hivyo.

Tarehe tisa taa iliwaka. Nilikifungua kazini, kwenye chumba cha mifagio. Kilikuwa kimesimama pale kikatuni chenye kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto. "Habari, ni Tomo." Nilikaa juu ya ndoo.

Binti yangu Misuzu hakufurahi kama nilivyotaka.

"Mama, maduka ya mitumba yamejaa vidude hivyo," alisema. "Mtu amekinunua, hakufuta vitu vya mwenyewe wa kwanza. Siku hizi nani anabeba kitu hicho? Wote wana simu."

"Nani alikiuza, basi?"

Misuzu aliinuka akaosha kikombe kilichokuwa safi, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Maana wako wanaume wanaofia kwenye vyumba vya kupanga vya kule Imamiya, na vitu vyao huuzwa na mwenye nyumba.

Tangu siku hiyo taa haikuwaka tena. Nilipanda treni ileile ya saa kumi na mbili kutoka Tsuruhashi, behewa lilelile la nne. Hakuna. Nilianza kuogopa hata kufungua mkoba.

Jumanne hiyo Misuzu alikuja nami. Alisema anakwenda kazini mapema, lakini najua alitaka kuniona. Tulikaa kwenye viti vya pembeni, vya wazee na wagonjwa. Yeye akatoa simu, akaanza gemu yake ya kupanga matunda ya rangi. Mimi nikatoa kidude, nikabonyeza, nikakirudisha.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimekizima."

"Umekizima?"

"Si viti vya wagonjwa hivi? Kuna watu wana mashine za moyo kifuani. Tangazo linasema zima. Hata yako hiyo ungezima."

Misuzu alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mama. Kila siku unakizima?"

"Kila ninapokaa hapa."

"Na siku ile taa ilipowaka?"

Nilifikiri. Siku ile viti hivi vilijaa. Nilisimama karibu na mlango mpaka Bentencho, kituo changu.

"Jamani, mama wee!" alinong'ona. "Siku kumi na mbili unaomba mvua na umefunika mtungi!"

Nilisimama mara moja. Sikuwa na haya ila hofu. Pengine alikuwa amepita karibu nami mara saba, mara nane, nami nimekaa kwa adabu zangu, nimemfungia mlango. Tulisogea katikati ya behewa, nikakiwasha.

"Salamu yako inasemaje?" Misuzu aliuliza.

"Aliyoniandikia Tomoharu. 'Mimi mwanafunzi.'"

"Ibadilishe. Andika umelazwa, arudi haraka."

"Siandiki uongo, halafu niombe kwa mdomo huohuo."

"Basi andika 'rudi nyumbani'."

Hilo nalo niliogopa. Mtu aliyekimbia ukimwita, anakimbia zaidi. Akizima kile kidude akakitupa mtoni, mimi nitabaki na nini? Treni ilikuwa inaingia Tennoji. Niliandika herufi kwa herufi: "Mama yupo. Hakuiti."

"Simu inacheza na dunia nzima," Misuzu alisema, sauti imepungua. "Hicho kinamjua aliye karibu tu."

"Ndiyo maana nimekishika, mwanangu."

Shin-Imamiya milango ilifunguka. Waliingia wanaume wa vibarua, suruali pana, viatu vya mpira, pumzi za moshi na kahawa ya kopo. Sikuinua macho. Niliita jina la Buddha kimoyomoyo, mara moja, mara mbili. Treni ikaondoka.

Taa ikawaka.

Nilifungua. Kidoti kilekile chini ya jicho. Lakini salamu haikuwa ileile. Nilisoma polepole, nikitumaini nimekosea herufi. Sikukosea. "Mama, usinisubiri tena."

Kwa hiyo kidude hakikuuzwa. Kwa hiyo aliniona kwenye kidude chake siku ile ya tisa, akaandika, akanibebea jibu kwa siku kumi na mbili. Lakini hayo ni maneno ya mtu anayekwenda wapi? Mtu anayehama mji husema hivyo. Na anayesimama ukingoni mwa jukwaa kusubiri treni husema hivyohivyo.

Misuzu alisoma juu ya bega langu, akaziba mdomo. Kisha akageuka.

"Kule mlangoni," alisema. "Kofia ya buluu. Ametugeuzia mgongo."

Nami nikaona. Mabega yale, mashati yake niliyapiga pasi miaka mingi. Alikuwa amekonda. Mkono mmoja umekamata mlango, kama wa mtu anayehesabu sekunde za kufika kituo. Neno langu lilikuwa tayari ndani ya kidude mfukoni mwake, lakini hatalisoma mpaka afungue, na milango ingefunguka kwanza.

Kwetu watu hawasemi ndani ya treni ya asubuhi. Hata kikohozi hubanwa. Treni ilianza kupunguza mwendo.

"Sitauliza!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Magazeti yalishuka. Wasinziao waliamka. "Sitauliza kwa nini! Wala leo, wala siku nyingine! Wala sitakufuata!"

Milango ilifunguka. Upepo wenye theluji uliingia. Yule mtu alitoa mguu mmoja nje, akabaki hivyo. Nyuma yake kibarua mwingine alisema, "Oya, unashuka au unapamba mlango?"

Filimbi ya jukwaani ililia. Akarudisha mguu, na milango ikafungwa.

Hakugeuka. Tulimwona kwenye kioo tu, kofia imeshuka, mashavu yanacheza. Kila mtu alitazama pengine, kwa heshima, isipokuwa mama mmoja mnene mwenye koti la madoa ya chui, aliyekuwa karibu naye. Alitoa peremende mkobani, akamtia kiganjani.

"Kula, kaka. Huyo ni mama yako?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Mimi wangu nilimzika mwaka juzi. Mjibu, basi. Mama wa watu anatetemeka kama jani, na sisi wote tunachelewa kulala tena."

Mtu mmoja alicheka puani, akajizuia. Tomoharu alifumbata peremende. Kwenye kioo nilimwona akinitafuta, na tulipokutana macho nilihofu kupepesa.

"Alhamisi," alisema.

"Hatusikii!" yule mama alisema. "Sema tuwe mashahidi."

Alivua kofia. Nywele zilikuwa na mvi ambazo sikuwa nazijua.

"Alhamisi," alisema kwa sauti, na behewa zima likasikia. "Treni hii, mlango huu. Nitakuwepo, mama. Nitakuwa hai, na nitakuwepo."