Oksijeni ya Jiwe la Sita

Mwizi wangu nilimujua kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa profesa. Ni Fiacre tu! Nani mwingine hapa Bunia anaona jiwe jeusi na mate yanamutoka?

Profesa aliandika hivi: "Glodie, mawe matano ni lava ya Nyamulagira, hakuna shida. La sita hapana. Tumelisaga lote, tukapima oksijeni yake. Hilo halikuzaliwa na volkeno, ni mwamba wa zamani sana. Uliliokota barabarani? Lete la kweli mbele ya Ijumaa, ao nafuta jina lako." Masomo yangu yote yafutwe juu ya jiwe!

Mawe yale niliyaokota mwenyewe kwenye lava, nikayafunga kwa magazeti, yakakaa nyumbani wiki nzima mbele ya kusafirishwa kwa ndege mupaka kwa profesa. Na wiki ile mujomba Fiacre, kaka ya mama, mununuzi wa zahabu, alipita kwetu kila asubuhi, eti kusalimia. Fiacre, kusalimia! Alikuwa anayapima mawe kwa mukono, anauliza, "Ndani muko nini?"

"Oksijeni, mujomba."

Mama alikuwa pembeni, anachagua maharagi. Nikawaeleza wote wawili: iko oksijeni nyepesi na iko nzito. Moto wa chini ya ardhi ukipanda moja kwa moja, hesabu yake tunaijua. Ukimeza miamba ya zamani njiani, ile nzito inaongezeka. "Jiwe linakumbuka kwenye lilitoka," nikasema.

Fiacre akacheka. "Watu walipe ndege juu ya hewa ya ndani ya jiwe? Weye mutoto, unanificha."

Basi nikamufuata kwenye butiki yake, mbele ya wateja. "Rudisha jiwe langu!"

"Jiwe gani? Uko na wazimu?"

"Ulilibeba, ukalisaga, ukatafuta zahabu. Haya, ulipata nini?"

Akaweka muzani chini polepole. "Glodie, miye niibie mutoto wa dada yangu?" Machozi yakamulengalenga. Sikumuamini. Mununuzi wa zahabu analia wakati anapenda, nikajiambia, nikatoka bila kuaga.

Nyumbani mama alikuwa ameinjika maharagi nje, kwenye mafiga. Nikavuta kigoda, nikaanza kumutukana kaka yake. Mama yangu Régine, mwenye kunigombeza hata nikipiga chafya vibaya, alichochea kuni tu. Hapo roho ikanishtuka, nikainama kuangalia moto. Mafiga mawili yalikuwa laini, yale aliyoyabeba kwa kitenge wakati tulikimbia kijiji chetu cha Bule. La tatu lilikuwa na matundu kama mukate, lava yangu.

"Mama!"

"Usipige kelele. Sikuiba, nilibadilisha. Shamba yetu ya Bule watu wengine wanailima, na chefu wa kijiji anadai ushahidi. Weye mwenyewe ulisema jiwe linakumbuka kwenye lilitoka. Nikasema, acha figa letu liende kwa mashini, tupate karatasi." Akapangusa mikono. "Sasa, mashini ilisema nini? Ilisema ni yetu?"

Hasira ilinipanda, huruma nayo, na aibu ya kumusingizia Fiacre juu yake. "Ilisema ni jiwe la zamani sana, mama. Ya namna hiyo imejaa upande wetu wote wa Djugu. Iko chini ya shamba yetu, na iko chini ya mashamba ya wale walitufukuza. Majina ya watu jiwe haliyajui."

Mama akashusha sufuria, maharagi hayajaiva, akalivuta lile la matundu kwa kijiti mupaka pembeni ya majivu.

"Likipoa, chukua. Jina lako lisipotee. Lakini waambie warudishe letu. Mafiga mawili hayainjiki sufuria."

Simu ilikuwa mukononi mwangu, na ujumbe wa profesa ndani yake. Nilitamani ningekuwa sijui kusoma.

"Mama, walilisaga."

"Lote?"

"Lote."

Alikaa chini kwenye udongo, karibu na yale mawili yaliyobaki. Kuni ziliendelea kuwaka bure.

"Basi pigia Fiacre simu," akasema. "Mwambie alete jiwe la tatu."