Hostia za Murara

Jumamosi, kama kila Jumamosi, Sista Rosine alichanganya unga wa ngano na maji, akamimina uji wake kwenye chuma cha kuokea, akakibana, akasali Salamu Maria moja na nusu, akakifungua. Hostia ya kwanza haikuwa na msalaba. Ilikuwa imeandikwa GISUBIZO.

Ya pili ilikuwa UMURERWA. Rosine akapangusa chuma kwa kitambaa, akaoka tena. CIRIMWAMI. Basi akaendelea, maana kesho yake ilikuwa Misa na waumini walikuwa wengi.

Hiyo ilikuwa Machi 2002, miezi miwili baada ya volkano. Lava ilikuwa imebomoa ukuta wa masista wa mtaa wa Murara na kulala jikoni mwao. Wote kumi na mmoja, walioapa kutovuka lango mpaka kufa, walilivuka siku hiyo, wakaenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwa miguu wakishikana mikanda. Walirudi siku ya tatu, wakajenga tanuri jipya juu ya lava ileile, kwa kuwa bado ilikuwa na moto na kuni zilikuwa shida.

Mama Henriette, mkuu wa nyumba, alimwita Padri Kambere. Padri akaonja.

"Ni unga na maji tu," akasema. "Zinafaa."

Majina yalikuwa ya watu waliochukuliwa barabarani wakati wa uasi, ambao hakuna hata mmoja aliyezikwa. Habari zikaenea mtaani. Masista wale hawaonekani. Mtu husema nao kupitia kabati la mbao linalozunguka ukutani, akiweka kitu huku, kikatokea kule. Wanawake wakapanga foleni mbele ya kabati hilo, wakimwita sista aliye ndani Masere.

"Masere, jina ya mutoto yangu imetoka?"

Rosine, mlinzi wa kabati, aliwasomea. Waliosikia jina walilia, waliolikosa walilia zaidi. Mama mmoja, Nyiramahirwe, alipeleka hostia ya mwanawe ndani ya bahasha kwenye ofisi ya serikali, kuomba cheti cha kifo. Karani akamwambia mkate si hati.

Rosine naye alikuwa na jina la kungoja. Kaka yake, Munyaneza, ndiye aliyekuwa akiwaletea unga kutoka Bunagana. Miaka tisa walisikiana sauti tu kabatini. "Unga umefika, dada." "Mungu akurudishie, kaka." Kisha mwaka 1998, pale Kalengera, komanda mmoja wa waasi alisimamisha lori, akamshusha Munyaneza pamoja na magunia yake. Dereva, Evariste, alisalimika. Ndiye aliyekuja kuyasema hayo kabatini, akamtaja na komanda huyo kwa jina. Sasa Komanda alikuwa na nyumba nzuri jirani, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele katika kanisa la masista. Rosine alimtazama kupitia nondo zinazowatenga watawa na waumini, na kusema kweli, alimchukia.

Jumamosi moja ya Mei chuma kikafunguka: MUNYANEZA. Rosine akaificha hostia ndani ya mkono wa kanzu. Ee, angefanya nini? Kaburi hakuwa nalo.

Mama Henriette alimwona. Katika nyumba ile hakuna mwenye chake. Viatu ni viatu vyetu. Hata sista akiumwa jino, husema jino letu linauma.

"Ni kaka yangu, Mama," Rosine alisema.

Mama Henriette akangoja ajisahihishe. Machozi yalikuwa yakimtoka yeye pia. Rosine akapiga magoti, akabusu sakafu.

"Ni kaka yetu," akasema, akamrudisha kwenye boksi la hostia pamoja na wengine.

Padri Kambere alikuwa ameshazoea kulitaja jina kwanza kabla ya kutoa hostia. Jumapili hiyo, mbele ya benchi la kwanza, akainua hostia iliyofuata.

"Munyaneza," akasema. "Mwili wa Kristo."

"Amina," akajibu Komanda, akafungua mdomo.

Misa haijaisha, kabati likagongwa, Rosine akaenda kusikiliza.

"Masere, muniombee."

Rosine aliijua sauti ile.

"Komanda, Munyaneza mulimuweka wapi?"

"Mutu wa jina hiyo simujui," alisema Komanda. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu ambaye hostia bado imemgandia kaakaani.

Kisha akaenda zake. Jumamosi iliyofuata Rosine alichanganya unga na maji, akakibana chuma, akasali, akakifungua. Yalitoka majina arobaini na mawili. La Munyaneza halikutoka tena.