Nguo ya Yamna

Kijiji chetu hakina bandari, kina mlango tu. Miamba miwili imesimama mbele ya ufuko, na kati yake pana upenyo ambao mashua mbili hazipishani. Bahari ikitulia, hata kipofu atapita. Ikichafuka, Atlantiki yote inataka kuingia hapo kwa mara moja, na wewe na vibao vyako vya mashua mko katikati.

Ndiyo maana tuna mtu wa nguo. Ukiwa chini kwenye mashua huoni kitu, maana wimbi lililo karibu nawe linayaficha yanayolifuata. Aliyesimama juu ya mwamba anaona mbali. Anayaona makubwa yakija kwa kundi, na anajua yakishapita hubaki nafasi ya kupenya. Nguo ikiwa juu, ngoja. Ikishuka, njoo. Yeyote aliyeishika habishiwi, na mashua ikifika salama nahodha mwenyewe humpelekea samaki mkubwa kuliko wote, mkononi. Hiyo ndiyo mila yetu, na asiyeitaka akalime shayiri.

Kwa kawaida mtu wa nguo ni mzee Hmad. Siku ninayoisema alikwenda zake sokoni, kwa kuwa asubuhi bahari ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani. Mimi nilitoka kuvua na Bihi, nahodha wangu, aliyekuwa shemeji yangu. Nasema aliyekuwa. Alimwoa dada yangu Yamna, wakakaa miaka mitatu, mtoto hakuja. Yamna alimwomba kitu kimoja tu, kwamba angoje kidogo, Mungu hana haraka. Bihi hakungoja. Akampa talaka, na mwaka haukuisha akawa na mke mwingine. Mtu huyu hangoji hata chai ipoe, kila siku midomo imemuungua. Mimi niliendelea kuvua naye kwa sababu mashua kwetu ni chache na tumbo halijui talaka. Lakini nilimwita shemeji kutwa kucha, makusudi, ili jambo lile lisimtoke kichwani.

Baada ya adhuhuri bahari ikaanza kuvimba bila upepo. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana tufani iko huko mbali usikokujua na wewe unaletewa salamu zake. Tulipofika mbele ya mlango tukaukuta mweupe mtupu. Nimezaliwa pale, bahari ile ndiyo iliyonilisha, na bado niliogopa. Maji yalikuwa yakipanda taratibu, kijani, jua likipenya tumboni mwake hata ukaona mwani ukielea ndani, halafu yakaanguka na mwamba mzima ukapotea. Nilisahau kuogopa. Nilibaki kutazama na kusema subhanallah, mara ya kwanza, ya pili, mpaka Bihi akaniambia nifunge mdomo.

Hapo ndipo tulipomwona mtu juu ya mwamba wa kulia. Asubuhi wanawake walikuwa wameteremka kuokota kome, na maji yalipopanda wengine wote walikimbilia kijijini. Huyu mmoja alikuwa amepanda kwenye mwamba. Akavua shuka lake jeupe la kujitanda, akaliinua kwa mikono miwili. Bihi alimjua kwa kule kusimama kwake tu.

"Bora angekuwa yeyote mwingine," akasema. "Huyu atatuzamisha."

"Wewe labda, shemeji. Mimi nimetoka tumbo moja naye."

Tukageuza omo, pua ya mashua, kuelekea bahari kuu, injini ikienda polepole, tukawa tunayapokea mawimbi kwa pua, moja moja, mahali ambapo yalikuwa hayajaanza kupasuka. Ukiyapa ubavu umekwisha. Tulikaa hivyo, tukipanda na kushuka, na kila nilipogeuza shingo nguo ilikuwa juu.

Mara mlango ukatulia. Wallahi ulitulia, povu likatawanyika, maji yakanyooka mpaka kwenye mchanga, na mashua za wenzetu tukaziona zimepangwa pale. Nguo iko juu. Bihi akageuza mashua, mkono kwenye gesi ya injini.

"Unaona? Ananikomoa. Ananiweka hapa mpaka mafuta yaishe, anilipizie yale ya talaka."

Nikamwambia mwenye nguo habishiwi. Akanijibu kwamba walioweka mila hawakumjua Yamna. Mikono ya dada yangu ilikuwa imeanza kuchoka, tuliiona nguo ikicheza, lakini haikushuka. Sikuwa na hoja nyingine ila moja.

"Bihi, fikiri. Angetaka kutuzamisha angefanya nini?"

Akamtazama Yamna, akautazama mlango uliotulia.

"Angeishusha sasa hivi," akasema. Akapunguza gesi, akarudisha omo baharini.

Ndipo yakaja. La kwanza lilituinua juu mno, nikakiona kijiji chote kwa mpigo mmoja, mapaa, mnara wa msikiti, punda wa mzee Hmad akirudi kutoka sokoni. Kisha tukashuka bondeni na dunia ikawa maji matupu pande zote. Yalipita matatu. Yalivunjikia palepale mlangoni, palepale ambapo tungekuwa, na mshindo wake niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Povu lilipanda juu ya mwamba likamfunika dada yangu. Nikamtolea shahada, nikijua amekwisha. Povu lilipoanguka alikuwa yupo, amepiga magoti, na nguo iko juu.

Halafu ikashuka.

Injini zimetuharibu sisi. Mtu akiwa na injini anadhani atashindana na wimbi. Ukilipita, unateremka usoni mwake, omo inachoma maji, tezi huku nyuma inazunguka, mashua inapinduka na wewe chini yake. Kaa mgongoni mwake, nenda kwa mwendo wake. Nilitupa nyuma kamba iliyofungwa gunia la nyavu mbichi ili lituzuie kwa nyuma, nikasogea tezi kupunguza uzito mbele. Bihi, yule asiyengoja chai, akalifuata wimbi hatua kwa hatua, akipunguza gesi kila mashua ilipotaka kukimbia. Mlangoni lingine likatufikia kwa nyuma. Tezi ikainuka, kamba ikakaza, ikatushika tukabaki sawa, na wimbi likapita chini yetu likatumwagia povu mpaka kiunoni. Tukaingia.

Bihi hakungoja hata mashua ivutwe. Alichagua samaki mkubwa kuliko wote akaenda naye chini ya mwamba. Yamna alikuwa ameshuka, amelowa chapa, magoti yanavuja damu, meno yanagongana. Bihi akampa kwa mikono miwili, akamwambia Mungu amlipe.

Dada yangu akampokea samaki, akamtazama Bihi usoni.

"Kumbe unaweza kungoja," akasema.

Akamweka samaki juu ya kome zake, akajitwika kapu, akashika njia ya kupanda nyumbani. Bihi alibaki pale, maji yakimpiga miguuni, wala hakusogea. Nilimhurumia, Mungu anisamehe. Nikamwita aje tuvute mashua, na siku hiyo nilimwita kwa jina lake.