Kijikaratasi Chenye Damu

Asubuhi ya kipimo Bibi alisugua ufizi wake mpaka ukawaka moto. Alitia chumvi kwenye mswaki, akasugua, akasukutua, kisha akarudia. Aliona aibu daktari wa meno akute kinywa kichafu.

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la kupandikiza, limekazwa kwa skrubu ndani ya mfupa wa taya. Kabla ya kulipata alikuwa akicheka huku kajiziba mdomo kwa kiganja, miaka nenda miaka rudi. Sasa ufizi ulikuwa umevimba, na kipimo ndicho kingesaidia kuamua kama jino libaki au litolewe.

Alipokaa kwenye kiti, daktari alichomeka kijikaratasi chembamba kati ya jino na ufizi.

"Kinafyonza majimaji," alisema. "Maabara watapima humo kemikali ambazo mwili hutoa penye uvimbe. Zikizidi sana, na picha ya mfupa ikawa mbaya, jino hatuliachi."

Kijikaratasi kilitoka chekundu.

"Bibi, leo umepiga mswaki?"

"Nimepiga sawasawa, mwanangu!"

Mjukuu wake wa kike, aliyemshikia mkoba, akaangua kicheko. "Mke mwenza, ulikuwa unasugua jino au sufuria?"

"Nyamaza wewe. Kinywa chako kinanuka tangu juzi, na hakuna aliyekupima."

Mtaalamu wa maabara aliitwa kutoka chumba cha pili. Alivuta kigoda akaketi, Bibi asilazimike kuinua shingo kumtazama.

"Damu nayo ina kemikali hizohizo, Bibi. Nikipima hiki, majibu yatapanda bure, na jino litaonewa." Akakitupa. "Ufizi utulie kwanza. Wiki ijayo njoo kabla ya kupiga mswaki, wala usisukutue."

"Nije hivihivi? Mbele za watu?"

"Hivihivi. Mimi nitavaa barakoa."

Bibi akacheka, japo hakutaka.

Wiki nzima alitumia mswaki laini alionunuliwa na mjukuu wake. Siku ya kurudi alijifunika mdomo kwa mtandio, na kila aliyemsalimu njiani alijibiwa kwa kichwa tu. Safari hii kijikaratasi kilitoka kimelowa, bila doa.

Majibu yalipofika, daktari aliyaweka kando ya picha ya mfupa, akavitazama vyote kwa zamu.

"Kemikali ziko juu, ila si sana. Mfupa umelika kidogo, lakini bado umeshika. Tutasafisha chini ya ufizi, halafu tutapima tena baada ya miezi mitatu."

"Kwa hiyo halitolewi?"

"Kwa sasa, hapana."

Bibi alingoja aambiwe neno zaidi ya hilo. Daktari alikuwa akivaa glavu. Basi Bibi akaegemea kiti, akafungua mdomo. Sindano ya ganzi ilipoingia, mjukuu wake alimshika vidole vya miguu, maana kwingine kote hakukufikika.