Mtakawa kwa Rangi ya Jioni

Mchoraji wa mimea wa chuo alikuwa na jicho lisilosamehe. Akichora jani, mishipa yake ilihesabika. Kwa hiyo baba yake, mwoka mikate mstaafu ambaye macho yalikuwa yakimzimika kidogo kidogo, alipomwomba bintiye huyo amchoree ua la mtakawa, ule mti wa uani, angali anaona, aliiona kazi ndogo.

Alilichora asubuhi: petali tano za njano, koo la rangi ya damu ya mzee, na kando yake jani lenye umbo la moyo, chini lina vinyweleo vyeupe.

Baba akaisogeza karatasi mpaka ikagusa pua.

"Kazi nzuri. Ila silo."

"Silo vipi, baba?"

"Mimi nilikuwa natoka kabla ya jua, narudi jua linazama. Ua langu ni jekundu."

"Hilo limeshakwisha, baba. Linachanua la njano, jioni linakuwa jekundu, linaanguka. Sisi tunachora lililochanua. Ndiyo kanuni."

"Na mimi nimekwisha, mbona hujanitupa?" Akacheka. "Nichoree hilo zee mwenzangu, mama."

"Nikipata nafasi."

Nafasi alikuwa nayo. Aliona tu kwamba kuchora ua linalokufa ni kuuharibu mkono. Baba hakurudia ombi. Alikuwa mtu wa kusema mara moja.

Mvua zilikuja, zikaisha. Siku alipomwona baba akimimina chai nje ya kikombe, alichukua brashi akaenda kukaa uani alasiri nzima. Hakuna kazi iliyowahi kumshinda kama ile. Njano ilipita kwenye rangi ya chungwa ikaingia kwenye wekundu kabla rangi haijakauka, na petali zikawa zinajikunja huku anazitazama. Koo peke yake halikubadilika.

Akampelekea. Baba aliipokea karatasi, akaiweka mapajani juu chini.

"Jekundu?"

"Jekundu, baba."

"Lile lenyewe?"

"Lenyewe."

Akaipapasa kwa vidole vyenye makovu ya tanuri. Karatasi ilikuwa tambarare, haikumwambia kitu. "Umejitahidi, mama," akasema.

Juu ya bati la jikoni kitu kikadondoka, pu. Baba akageuza sikio.

Binti alitoka, akaliokota ua lililoteleza kutoka batini, akamwekea kiganjani. Lilikuwa jekundu hasa, na wa kuliona alikuwa yeye peke yake.